Hodi Katika Nyumba ya Ndege

Kisiwa kilikuwa mbele yetu, karibu kiasi cha mtu kuweza kuhesabu minazi iliyosalia juu ya mchanga wake, wakati nahodha aliyetuchukua kutoka Praslin, katika visiwa vya Shelisheli, alipozima mashine, akatia nanga, akaketi juu ya ubao wa shetri na kujimiminia chai kutoka chupani, kana kwamba safari imekwisha ilhali hapana hata mmoja wetu aliyekuwa amelowa unyayo. Kusi lilikuwa limeshika barabara, na mashua ikipanda na kushuka kwa namna iliyomlazimu bibi mmoja wa Kifaransa aliyeketi ubavuni mwangu kufumba macho na kushika ukingo kwa mikono miwili. Nilimwuliza nahodha sababu ya kungoja. Akanijibu, kwa upole wa mtu anayeulizwa swali lile lile kila siku ya kazi, kwamba mashua ya mgeni haigusi pwani ya Cousin, hata awe amepakiwa waziri. Tungoje chombo cha kisiwa kije kutuchukua, na kisipokuja kwa sababu ya mawimbi, basi tutarudi tulikotoka chai yake ikiisha.

Kilikuja. Kilikuwa kiboti cha mpira chenye vijana wawili wa Kishelisheli waliovaa fulana zilizopauka kwa chumvi, nao wakatuhamisha kwa mafungu, wakatutazama mifuko na soli za viatu kama zimebeba mbegu au mdudu, kisha mmoja wao akatuamuru tushike kamba, akatazama nyuma akiachia wimbi la kwanza na la pili lipite, akachagua la tatu, akafungua mashine kwa nguvu zake zote, nasi tukapanda juu ya mgongo wa wimbi lile na kutupwa mchangani kwa kishindo, mithili ya samaki waliokokotwa kwa jarife. Bibi wa Kifaransa akafumbua macho. Mimi nilikuwa nimepoteza ndara moja, ambayo kijana aliiokota na kuikung'uta maji mara mbili, akaichungulia ndani kabla ya kunirudishia.

Hofu yao yote hiyo ni panya. Ndege wa baharini, ambao maisha yao takriban yote huyapitisha angani na juu ya maji na ambao hawana haja na nchi kavu ila kwa kutaga na kulea, walizoea tangu azali kuchagua visiwa vya mbali visivyokuwa na mnyama wa kutambaa usiku, na kwa hiyo hawakujifunza kujihadhari naye. Hutaga chini, au katika shimo, au chini ya jiwe, na adui akija hukaa vivyo hivyo juu ya yai wakimtazama. Panya jike mmoja mwenye mimba, aliyejificha ndani ya gunia la mchele au katika mkunjo wa kamba ya nanga, anatosha kuwa mwanzo wa kuangamia kwa kisiwa kizima, na tumekwisha kuona katika bahari zote za dunia visiwa vilivyonyamaza kwa sababu hiyo. Cousin hakina panya wala paka. Hakina kwa sababu mashua zote za kigeni hulala nje, jana na leo na kesho, na kwa sababu wako watu wanaokaa pale usiku na mchana ambao kazi yao ni kuona kwamba zinalala nje.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Mtoto wetu kabla hajajua kuandika jina lake amekwisha kujua kwamba nyumba ya watu haiingiwi kwa mlango kuwa wazi. Husimama kizingitini akapiga hodi, na hodi zikiwa tatu na asijibiwe, hurudi zake bila kinyongo, maana yamkini mwenyewe amelala, au yumo katika hali asiyopenda kuonekana nayo. Hiyo ni adabu ya dini na ni ada ya mji, na asiyeifuata huitwa mshenzi hata akiwa amevaa joho. Nami nadai kwamba kisiwa cha ndege ni nyumba kwa maana ile ile, isiyopunguka. Na kwamba visiwa vyetu vinaharibika, pamoja na sheria nyingi tulizoviandikia, kwa kuwa hatukuweka ndani yake mtu wa kuitikia hodi.

Cousin hakikuwa hivi siku zote. Ni kisiwa cha mawe ya itale kisichofika hekta 30, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kilikuwa shamba la minazi: msitu wake ulikatwa, nazi zikikaushwa kuwa mbata, na mayai na makinda ya ndege yakiwa kitoweo cha kawaida kama popote pale visiwani. Alikuwako kichakani ndege mdogo wa rangi ya udongo, mwenye sauti tamu kuliko umbo lake, ambaye hakupatikana tena mahali pengine popote ulimwenguni. Na kufikia miaka ya 1960 waliosalia wa jinsi yake hawakutimia 30. Kwa ajili ya ndege huyo asiyejaza kiganja, Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, ambalo leo huitwa BirdLife International, lilikinunua kisiwa kizima mwaka 1968, na mwaka 1975 serikali ikakitangaza kuwa hifadhi maalumu. Minazi ikapunguzwa, miti ya asili ikaachwa irudi. Mwaka 1988 ndege 29 walikamatwa wakavushwa hadi Aride, kisiwa kingine cha upande wa kaskazini ya Praslin, na baadaye wengine wakapelekwa Cousine, Denis na Frégate, hata leo jamii yao imepindukia 2,000. Walinzi wa Cousin sasa ni Washelisheli wenyewe, chini ya jumuiya ya nchi yao iitwayo Nature Seychelles, na ada anayotoa mgeni ndiyo inayowalipa.

Lakini sikwenda kwa ajili ya ndege yule mdogo, ingawa alinijia hata karibu na kiatu akidonoa chini ya majani makavu. Nilikwenda kuwaona ndege wa bahari, na binti aliyetuongoza, msichana wa miaka ishirini na kitu hivi aliyetembea bila viatu juu ya mawe kana kwamba ni zulia, alitusimamisha chini ya mti mmoja na kutuonyesha kwa kidevu, si kwa kidole, tawi lililokuwa usawa wa uso wangu. Juu ya tawi hilo, mahali palipobonyea kidogo kwa upana usiozidi kidole gumba, palikuwa na yai moja lenye madoadoa, limelala hivi hivi tupu: hapakuwa na kiota, wala jani, wala uzi. Ndege wake, buabua mweupe pepe mwenye jicho jeusi kubwa kama shanga, alikuwa ametua pembeni akitutazama. Upepo wa kusi ulikuwa ukilitikisa tawi lile, na mimi nikawa nashika pumzi kila linapoinama, hata binti akanicheka na kuniambia kwamba yai likipona mpaka kuanguliwa, kinda hutoka na makucha yenye nguvu ya kushikilia tangu saa yake ya kwanza. Ndege wawili wa jinsi hiyo ndio waliochorwa mkiani mwa eropleni za Shelisheli. Na sasa nafahamu kwa nini taifa la watu wachache katikati ya bahari lilimchagua kiumbe anayeweka mtoto wake juu ya kijiti na kutegemea upepo.

Mbele kidogo, chini ya shina la mti, katika pembe iliyofanywa na mizizi miwili, alikuwa amekaa ndege mwingine mweupe mwenye mstari mweusi jichoni na mkia wa manyoya mawili marefu ambayo, kwa kukosa nafasi, yalikuwa yameinuka na kujikunja juu ya gome. Nilisogea hatua moja, kisha ya pili. Ya pili ilikuwa ni utovu wa adabu, maana alipanua mdomo wake wa manjano akanipigia ukelele wa mwenye nyumba aliyeingiliwa chumbani, lakini hakuondoka juu ya kinda lake, wala hakusogea hata inchi moja. Ningeweza kumshika kwa mkono. Neno hilo lilinikaa moyoni siku nyingi, kwa kuwa ndege asiyekimbia hana ngao yoyote ila haya ya yule anayemkaribia.

Juu ya vichwa vyetu palikuwa na mji. Membe weusi wenye utosi wa rangi ya jivu walikuwa wameijaza miti ya pisonia kwa maelfu, kila jozi na kiota chake cha majani ya mti huo huo yaliyogandishwa kwa kinyesi, na kelele zao zilikuwa kama soko la Darajani asubuhi ya kuamkia Idi. Binti aliokota mbegu moja nyembamba akaibandika juu ya kidole changu. Nikajaribu kuikung'uta, haikutoka. Nikaisugua katika suruali, ikahamia suruali. Akaniambia kwamba mbegu hizo hunasa katika manyoya ya membe na hivyo husafiri kwenda kuota visiwa vingine, lakini zikiwa nyingi humfunga mbawa asiweze kuruka tena. Hatukwenda mbali kabla ya kumwona mmoja chini, amekwisha kufa, mbawa zimegandamana ubavuni kama mwavuli uliokunjwa. Hakuna aliyemgusa. Na kabla sijapata neno la kusema kuhusu mti unaompa ndege nyumba na kisha kumfunga pingu, kofia yangu ya vito, niliyoivaa kwa kiburi cha kuonyesha nimetoka wapi, ilipokea kutoka juu zawadi nzito yenye joto, na kundi zima la wageni likacheka kwa lugha tano. Binti alisema hiyo ndiyo ada ya pili ya kuingia. Nimeifua kofia ile mara tatu, harufu imebaki.

Niruhusiwe hapa kwenda kando kidogo. Kwa wazee wetu jina la Shelisheli lilikuwa jina la kupelekwa mbali: huko ndiko walikohamishiwa Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, na huko ndiko alikopelekwa Sayyid Khalid bin Barghash aliposhikwa wakati wa vita kuu vya kwanza, miaka ishirini baada ya kutolewa jumbeni Unguja kwa mizinga. Na watu wengi wa Shelisheli ni jamaa zetu kwa njia ya huzuni zaidi, kwani manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa zilishusha huko, katika miaka ya 1860 na 1870, zaidi ya watu 2,000 waliotoka bara yetu na pwani yetu. Kijana aliyeniokotea ndara aliponiuliza nimetoka nchi gani nami nikamwambia Unguja, alinitazama sana usoni, kisha akasema tu kwamba bibi mzaa bibi yake alitoka “kule,” akaonyesha upande wa magharibi, juu ya bahari. Hatukuwa na lugha ya kuyasema zaidi.

Sasa nirejee pwani kwetu, na nianze na ikirari. Miaka michache kabla ya safari hiyo nilichukuliwa pamoja na wageni wa hoteli moja hadi kipwa cha mchanga na mawe ambapo buabua walikuwa wakitaga, na aliyetuongoza, kijana mchangamfu aliyependa kuwaridhisha watu wake, alipoona tumetoa kamera alimtanguliza mtoto wa mashua akimbie mbele akipiga makofi, ili ndege wainuke wote kwa pamoja na picha ipendeze. Waliinuka. Ilikuwa ni sura ya ajabu, wingu jeupe lenye kelele, na sote tukafurahi. Nami sikuwa wa mwisho kufurahi. Tulikaa pale, kwa saa yangu, dakika arubaini. Jua lilikuwa la saa sita. Ndege wa kundi hilo hutaga juu ya mchanga mtupu, na wakati wa mchana kazi ya mzazi ni kulikinga yai na jua kwa kivuli cha mwili wake. Anapofukuzwa, yai hubaki juu ya kikaango. Niliokota moja lililokuwa karibu na mguu wangu nikaliona lina moto kama lililoepuliwa jikoni, nikalirudisha taratibu mahali pake, kwa ujinga wa kudhani kwamba kurudisha kunatosha. Kunguru wawili walikuwa wamekwisha kufika kutoka bara, wale kunguru wa shingo ya kijivu tulioletewa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji wa Unguja, na walikuwa wakitembea katikati ya mayai kwa raha, mmoja nyuma ya mwenziwe, kama watu waliokaribishwa karamuni.

Katika njia ya kurudi niliona bango. Lilikuwa la bati, limesimamishwa vizuri juu ya nguzo, na maandishi yake, kwa kadiri kutu ilivyoruhusu kusomeka, yalikataza hayo yote tuliyoyafanya. Sheria haikukosekana. Aliyekosekana ni mtu wa kutoka nje na kutuambia: ngojeni hapo hapo.

Jambo hili linahusu mahali pengi. Kisite, kusini ya Wasini, ambako buabua na membe hutaga wakati wa kusi, kimezungukwa na mbuga ya bahari inayojulikana dunia nzima, na wageni wanaoletwa kuogelea na kutazama matumbawe na pomboo ni wengi mno kuliko macho ya askari waliopo. Fungu Mbaraka, ambalo ramani za Kiingereza huliita Latham, liko peke yake kusini-mashariki ya Unguja, zaidi ya kilomita 50 katika bahari ya kina kirefu: jiwe bapa la hekta chache tu, lisilo na mti wala maji ya kunywa, ambalo juu yake hukusanyika membe wa aina mbalimbali pamoja na wale ndege wakubwa weupe wenye barakoa nyeusi usoni ambao ni nadra mno kutaga popote katika ukanda wetu. Hapana mtu anayelala pale ila mvuvi aliyekwenda dago, na mvuvi aliyekwenda dago, mchele ukimwishia, hutazama chini akaona mayai.

Sitaki kumsema mvuvi kwa mbali, maana ni rahisi mno kwa mtu wa kalamu kuwahurumia ndege kwa tumbo la mtu mwingine. Nilikwenda Kizimkazi kwa mzee mmoja ambaye tangu ujana wake ameshakwenda Fungu mara asizozihesabu. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanipa kigoda chini ya mkungu wake, akaendelea kushona wavu wakati mimi nikimsimulia habari za Cousin na za hodi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kuinua macho: “Mwanangu, yai la membe ni riziki kama samaki. Mbona samaki hamtwambii tumpigie hodi?”

Swali hilo lilinifunga kinywa, na ningali naliheshimu. Ni kweli kwamba si haramu kula yai la ndege wa bahari. Washelisheli wenyewe hulila na kulipenda, lakini kwa msimu uliowekwa na kwa kibali cha serikali, na uko mwaka ambao hukatazwa kabisa. Nilimjibu mzee kwa jambo alilolijua kuliko mimi. Nilimwambia kwamba katika vijiji vingi vya Unguja na Pemba watu wenyewe wameamua kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, wakaweka walinzi kutoka miongoni mwao, na siku ya kufungua pweza huwa wakubwa na wengi. Na kwamba huko kufunga ndiko kumpigia hodi pweza. Akacheka. Nikaongeza la pili: “Na jodari, babu, nani akuonyeshaye alipo?” Hapo aliinua macho, kwa sababu hakuna mvuvi wa mshipi katika pwani hii asiyetafuta ndege angani kabla hajatafuta samaki majini: kundi la membe linaloshuka na kupanda juu ya maji ndilo linalomwambia kwamba chini jodari wanawasukuma dagaa juu. Anayeumaliza mji wa membe anajitoboa macho.

Tena kuna jambo la tatu, ambalo wataalamu wamelithibitisha karibuni na ambalo lingestahili kusomwa katika kila kamati ya wavuvi. Katika visiwa vya Chagos, huko huko katika bahari yetu ya Hindi, walichunguza visiwa 12, sita vilivyoingiwa na panya na sita visivyo na panya, wakatangaza matokeo yao mwaka 2018. Penye panya ndege walikuwa wametoweka takriban wote. Pasipo na panya ndege walikuwa wengi ajabu. Kinyesi chao, kilichotokana na samaki waliovuliwa mbali baharini, huoshwa na mvua na mawimbi na kushuka katika mwamba, kikawa mbolea ya majani ya baharini na ya viumbe vidogo, hata uzito wa samaki wa miamba hiyo ukazidi ule wa miamba ya visiwa vya panya kwa asilimia 48. Ile zawadi iliyoshuka juu ya kofia yangu, basi, ilikuwa imekosea njia. Ilikusudiwa changu na chewa.

Wale ninaotofautiana nao zaidi si wavuvi. Ni wale wanaosema kwamba dawa ya visiwa hivi ni kuvitangaza: tuvipigie picha, tuvitie katika vitabu vya safari, mgeni aje na fedha yake, na fedha italinda ndege. Husahau ni lipi lilitangulia. Cousin kilikuwa na mwenyeji kwanza, ndipo kikafunguliwa mlango, na hata leo mlango huo hufunguliwa asubuhi za siku za kazi tu, kwa saa chache, kisha hufungwa, na mgeni mwenye fedha nyingi hana usiku wa kulala pale. Sisi twataka kuandaa karamu katika nyumba isiyokuwa na mwenyewe. Nimewasikia wengine wakisema kwamba Mswahili hatakubali kuzuiwa kushuka kisiwani alikoshuka babu yake. Lakini Mswahili huyo huyo hukubali kuvua viatu mlangoni pa msikiti bila ya kuwekewa askari, na Wapemba wana kisiwa cha Misali, ambacho masimulizi yao yanasema nabii Hadhara alikifanya mswala, ambako heshima ya mahali ilitangulia sheria ya serikali kwa miaka isiyojulikana idadi yake.

Wala si kweli kwamba mambo haya yanawezekana kwa wageni tu. Chumbe kiko mbele ya macho yetu, kwa saa moja ya mashua kutoka mjini, na mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904. Tangu mwaka 1994 mwamba wake umefungwa, walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi waliofundishwa kazi hiyo, panya waliokuwapo wakamalizwa, na idadi ya wageni wanaopokewa ni ya kuhesabika kwa vidole. Buabua wa waridi wamewahi kutaga pale kwa mamia. Walinzi hao hawana bunduki. Wana kiboti, wana daftari, na wana kinywa cha kumweleza mvuvi mwenzao kwa nini asitie nyavu hapo, na aghalabu mvuvi huelewa, kwa kuwa anayemweleza anajua bei ya nyavu.

Ninaloliomba kwa hiyo ni dogo. Kila kisiwa cha pwani yetu ambako ndege wa bahari bado hutaga kifungwe kwa miezi yote ya kutaga, pasishuke mtalii, wala mvuvi, wala mwandishi wa magazeti. Wakae pale au karibu yake, kwa zamu, watu wanne kutoka kijiji kilicho jirani, waliochaguliwa na kijiji. Miezi ikipita na wageni wakaruhusiwa, mashua zao zilale nje na wavushwe kwa chombo kimoja kinachokaguliwa. Na ada ya mgeni ianze kumlipa mlinzi kabla haijamlipa mtu yeyote mwingine. Fungu Mbaraka ni mbali, na huko hakukaliki mwaka mzima. Hata zamu ya wakati wa kutaga peke yake ingekuwa kubwa kuliko hicho kilichopo sasa, ambacho ni bure.

Nilimsomea mzee wa Kizimkazi maneno hayo kabla ya kuyaleta gazetini. Alikuwa amefika mwisho wa wavu wake, akakata uzi kwa meno. Akaniuliza hao watu wanne watalipwa kiasi gani, nikamwambia sijui. Akauliza watalipwa kila mwezi au kwa ahadi, nikanyamaza. Akasema kwamba wajukuu zake wawili wanaijua njia ya Fungu usiku bila dira, na kusi likishika watakuwa tayari, ila serikali itoe mashine mpya, maana ile yake ya farasi kumi na tano mwaka huu imemzimikia mara tatu katikati ya maji, na mara ya tatu aliyemwonyesha upande wa nchi kavu ni membe.